Ndugu Wote kwa Kadi Moja

Mfuko wenyewe ulikuwa wa turubai ya kijani, umeshonwa na fundi wa viti vya malori, na ulifungwa kwa kufuli dogo ambalo mtu angelivunja kwa jiwe. Kila siku ya kazi, kabla benki hazijafunga, keshia mkuu wa ofisi ya mapato niliyofanyia kazi mjini Kitale aliuvaa begani, akaufunika kwa shali, akatoka na askari mmoja mwenye rungu. Sisi tuliobaki tulijifanya tunaendelea na kazi. Kwa kweli tulikuwa tunasikiliza kama kuna kelele huko nje.

Kelele iliwahi kusikika. Vijana wawili kwenye pikipiki walimpitia kando ya mtaro, na yule wa nyuma akaudaka mkanda wa mfuko. Keshia hakuachilia. Alikokotwa juu ya kokoto mpaka mkanda ukakatika, akabaki chini na mfuko kifuani, kiwiko kimechunika. Pesa zilifika benki, yeye akafika hospitali. Tangu siku hiyo sote tulimwita Madam, hata waliomzidi cheo, na kila saa ya benki ilipokaribia, mkono wake wa kulia ulianza kukisugua kiwiko cha kushoto bila yeye mwenyewe kujua.

Kwa hiyo mashine ya kadi ilipoletwa dirishani kwake, Madam aliimba. Sisemi kwa mfano. Aliimba pambio zima la kanisani kwao huku akiipangusa kwa leso. Watu wengi kwetu hulipa kwa simu, na mama anayelipia meza yake sokoni hana haja ya kitu kingine. Shida ilikuwa malipo makubwa. Simu ina kikomo chake kwa siku, na mwenye shamba kubwa au ghala la mahindi akija kulipa kodi ya ardhi au leseni, kikomo hicho kinamfungia njia. Ndipo alipokuwa akija na noti zimefungwa kwa mpira, na noti hizo ndizo zilizoingia katika mfuko wa kijani. Kadi ilikuja kuzizuia huko huko benki zilikolala.

Mimi nilikuwa nimeajiriwa kwa mkataba kueleza wananchi huduma za ofisi. Kabla ya hapo nilisoma habari katika redio ndogo, na kazi hiyo ilinifundisha kuketi mahali, kunyamaza, na kutazama watu wanafanya nini kabla ya kuwauliza wanasema nini. Meza yangu ilikuwa katika ukumbi uleule wa malipo, karibu na dirisha la Madam. Niliiona mashine ikiingia, na nilikuwapo siku mkuu wa fedha aliposhuka ngazi akiwa amekunja uso.

Mkuu wa fedha hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwembamba, mtaratibu, mpenda chai isiyo na sukari, na alichukia pesa ya umma kupotea kama watu wengine wanavyochukia nyoka.

"Madam, hii mashine yako inakula," alisema.

"Inakula nini tena, bosi? Haina hata mdomo."

"Inakula zaidi ya mshahara wa askari wako."

Akatueleza, na alieleza vizuri. Kila kadi inapopita, benki inakata sehemu yake. Malipo yakiwa makubwa, sehemu hiyo ni asilimia ndogo tu. Lakini mkataba uliweka kiwango cha chini: hata malipo yakiwa madogo namna gani, benki haichukui chini ya kiasi fulani. Mwananchi anapewa risiti ya pesa yote aliyolipa, kama sheria inavyotaka, na lile pengo linabaki kuzibwa na ofisi kutoka fungu lililotengwa kwa mambo mengine.

"Pesa ya kuziba mashimo barabarani ndiyo inaziba shimo la hii mashine," alisema.

Dawa yake ya kwanza ilikuwa tangazo. Lilibandikwa ukutani asubuhi: atakayelipa kwa kadi ataongeza kidogo juu yake. Nilisimama kando kuona litakavyopokewa.

"Ati nini?" mama mmoja wa mbele aliuliza.

"Ati ukitumia kadi unaongeza."

"Kwani kadi inakula ugali?"

Laini nzima ya waliosubiri ilicheka, isipokuwa mzee mmoja mnunuzi wa mahindi kutoka Moi's Bridge, mtu wa koti zito na kofia ya sufu hata jua likiwaka. Alisogea hadi dirishani, akaweka kadi yake juu ya kaunta, akaifunika kwa kiganja.

"Yaani nalipa ndio niruhusiwe kulipa?"

"Si mimi nimeandika, mzee wangu," Madam alimjibu.

"Najua si wewe. Lakini ni wewe niko naye hapa."

Akaichukua kadi, akaondoka. Kesho yake alirudi na gunia la mbolea begani, akalishusha mbele ya dirisha kwa kishindo. Lilijaa noti.

"Nimeleta zile haziongezwi," alisema. "Hesabu, madam. Mimi sina haraka, mahindi nimeshauza."

Laini ilimpigia makofi. Madam hakupiga. Alihesabu mpaka vidole vikakauka, na siku hiyo mfuko wa kijani haukutosha. Ilibidi aende benki, arudi, aende tena. Aliporudi mara ya pili aliketi bila kuvua shali. Kiwiko alikuwa akikisugua waziwazi.

"Hii mashine ikiondoka," aliniambia polepole, "mimi naomba uhamisho. Hata kama ni kuandikisha mbwa chanjo."

Mkuu wa fedha alilibandua tangazo kwa mikono yake mwenyewe. Lakini alipolikunja alituambia neno lililobadilisha mwezi wetu wote. Kamati ya fedha ingekaa mwishoni mwa mwezi. Kama kufikia hapo makato hayajapungua, mashine ingerudishwa benki.

"Mwananchi hataki kulipa hiyo ada, na ofisi haiwezi," alisema. "Sasa nani alipe? Mimi na mshahara wangu? Nileteeni njia, nitaipeleka juu. Bila njia, Madam, utanisamehe."

Nilihama mezani. Nilichukua nafasi katika benchi la wananchi, kati ya mwanamke aliyebeba kuku kwenye kikapu na kijana aliyekuja kuulizia leseni ya kinyozi, nikaanza kutazama. Nilijiambia nisiangalie pesa. Niangalie mikono: nani anatoa kadi, anaitoa vipi, nani amesimama nyuma yake.

Kwa muda sikuona kitu. Wenye maghala walipitisha kadi mara moja wakaenda zao. Wenye leseni ndogo walilipa kwa simu, isipokuwa wachache waliopenda kuonekana wana kadi. Kisha, asubuhi moja ya baridi ambayo mlima Elgon ulikuwa umejifunika ukungu mpaka miguuni, waliingia ndugu saba.

Nilijua ni ndugu kwa jinsi walivyogombana. Mtu hagombani hivyo na mgeni. Baba yao, kama nilivyosikia kabla hata hawajafika dirishani, alitoka maeneo ya kati ya nchi zamani akanunua shamba kwa hisa za kampuni ya ardhi, akalima, akafa, na hati bado ina jina lake. Sasa kila mwaka watoto hukutana kulipia kodi ya ardhi ile. Kifungua mimba alikuwa mwanamume mzito mwenye viatu vya mpira vilivyojaa tope. Kitinda mimba alikuwa mwanamke, mwalimu, aliyeolewa Naitiri.

"Leo tunalipa nusu," kifungua mimba alimwambia Madam. "Nusu ingine kabla mwezi uishe."

"Sawa. Nani ana kadi?"

Kadi saba zilitoka kwa pamoja.

"Piga yangu peke yake," alisema wa kwanza.

"Na yangu peke yake," wa pili.

"Na yangu andika jina la nyumbani," alisema mwalimu wa Naitiri. "Si la kwa bwana."

Kaka mmoja alimgeukia. "Wewe si ulishaolewa? Hapa unatafuta nini?"

"Natafuta risiti."

"Risiti utapika?"

"Nitapika, na siku ya kugawa shamba nitakupakulia."

Benchi letu lilicheka mpaka kuku akapiga kelele. Lakini mimi nilikuwa nimesimama. Nilikuwa naitazama mashine. Kadi ya kwanza ilipita, mashine ikalia, ikatoa karatasi. Ya pili ikapita, ikalia. Ya tatu. Kodi ya shamba moja, ya mlipaji mmoja aliyeandikwa, ambaye ni marehemu, na benki ilikuwa inakata kiwango chake cha chini kila mashine ilipolia! Na nyuma ya ndugu hawa nikaona wengine wawili wameshika kadi zao mkononi, mama na mwanawe, wakisubiri kufanya hivyohivyo. Nikakumbuka wa jana. Nikakumbuka wa juzi, mapacha wawili. Wote walikuwa wamepita mbele ya macho yangu, nami niliona ni adabu ya kifamilia tu.

Nilivuka ukumbi karibu nikimbie. Ndugu walipoondoka, nilimwinamia Madam dirishani.

"Kwa nini huwaambii wapitishe kadi moja?"

Aliniangalia kama anayemtazama mtu anayeuliza kwa nini mvua haianguki kwenda juu.

"Wewe umezaliwa hapa?"

"Nimezaliwa hapa."

"Basi unajua. Hati iko na jina la marehemu. Mzee akisha kufa, kitu kinaonyesha wewe ni mtoto wa hapo ni hiyo risiti. Watu wanaziweka kwa sanduku pamoja na cheti cha ubatizo. Mimi nikimnyima huyo dada risiti, nimemnyima shamba la babake."

"Lakini ndiyo inayoua mashine yako."

Nilimweleza nilichokiona, kadi baada ya kadi, na nikaona wazo likimwingia polepole na kumchoma. Yeye mwenyewe, kwa huruma yake, ndiye aliyekuwa akizipitisha.

"Sasa nichague?" aliuliza. "Kiwiko changu ama shamba la mtoto wa wenyewe?"

Nikakumbuka jambo. Enzi za redio niliwahi kumhoji keshia wa Bungoma, mzee mcheshi aliyekuwa akihudumu kwenye dirisha la malipo huko. Watu wa Bungoma nao wana mashamba ya marehemu, wana ndugu wengi, wana kadi. Kwa nini yeye sijawahi kumsikia akilia? Nilimpigia simu. Alicheka tu. "Kuja uone," alisema. "Mambo ya dilisha hayasimuliwi kwa simu."

Nilipata nafasi katika gari la ofisi lililokuwa likipeleka watu wa afya mkutanoni. Tulipita Webuye, mabomba ya moshi ya kiwanda cha karatasi cha mji huo yakiwa yamesimama dhidi ya mawingu, na nilikuwa na haraka kiasi kwamba niliudhika hata na malori ya miwa yaliyojikokota mbele yetu.

Bungoma palikuwa na joto. Ukumbi wao ulikuwa mdogo kuliko wetu, na nilipoingia nilidhani nimekosea nikaingia kwenye harambee. Watu walikuwa wamesimama mbele ya dirisha, na keshia yule, miwani puani, alikuwa anaita kwa sauti ya mshereheshaji.

"Mtoto wa kwanza, amereta! Yuko?"

"Yuko!" waliitikia watu wanne pamoja.

"Wa pili, ako kazini Mombasa, ametuma kwa simu ya kaka. Yuko?"

"Yuko!"

"Wa tatu, mama wa mapacha. Yuko?"

"Yuko!"

Kisha akachukua kadi moja tu, akaipitisha. Mashine ililia mara moja. Karatasi zikatoka, akazigawa, kila mtu akapata yake, nao wakaondoka wakichekana.

"Kalibu, mtu wa ledio!" aliniita. "Umeona?"

"Nimeona, lakini sijaelewa."

Alinikaribisha ndani, akaagiza chai na maharagwe kwa chapati, akanieleza huku akitafuna. Kwenye mashine, alisema, kuna sehemu ya maelezo ambayo makeshia wengi huiacha tupu. Yeye huandika humo majina ya wachangiaji wote, kisha huchapa nakala kwa kila mmoja. Malipo ni mamoja, kadi ni moja, makato ni mamoja, na majina ni yote. Wenye kadi zao hawana haja ya kuzitoa. Wanampa ndugu mmoja noti zao, au wanamtumia, naye anapitisha yake. Noti zinabaki kwenye familia.

"Na ile kuita majina?"

"Hiyo ndiyo kazi yenyewe, bana. Mwanzo niliandika majina kimya kimya. Kesho yake watu walirudi wanapigana: huyu hakutoa, huyu aliandikwa bure. Nikajiuliza, kwani kwa matanga tunafanyaje? Mchango unasomwa mbele ya watu. Hakuna mtu anapinga kitu alisikia na masikio yake. Sasa hapa hatupitishi kadi kabla hatujapitisha watu."

Akanyoosha kidole chenye mafuta ya chapati.

"Na sikiliza vizuri. Anayeitikia 'yuko' si mwenyewe. Ni ndugu zake. Mtu hawezi kujishuhudia."

Nilisahau chai yangu. Nilimuuliza mara tatu jambo lilelile kwa furaha tu ya kulisikia tena. Alinionyesha mengine aliyoyafanya: kibao kinachowaelekeza wenye malipo madogo kwenye simu, na jinsi ofisi yao ilivyorudi benki kuomba kupunguziwa baada ya kuonyesha kwamba sasa wanaleta malipo machache lakini mazito. "Benki nayo ni duka," alisema. "Mteja wa gunia hauziwi bei ya kikombe." Niliporudi garini watu wa afya waliniuliza kama nimeshinda bahati nasibu.

Madam alinisikiliza hadi mwisho, mikono yake imetulia juu ya kaunta. Kisha akasema, "Wale wa kwetu hawatakubali. Umeona yule kaka? Huyo aitikie jina la dadake?"

"Tujaribu na wengine kwanza."

Tulijaribu. Mama na mwanawe, waliporudi kumalizia malipo yao, walikubali kwa urahisi. Mapacha nao waliporudi waliitikiana kwa wakati mmoja, ukumbi ukacheka. Familia moja ilikataa kabisa, na Madam akawapitishia kadi zao moja moja bila kinyongo, kwa kuwa sheria haikutukataza. Lakini siku zilivyokwenda watu walianza kupenda kuitwa. Walikuja wamevaa vizuri. Bibi mmoja aliomba jina lake lirudiwe kwa sababu mashine ya kusagia ya jirani ilikuwa inapiga kelele. Mashine ya kadi ilizidi kunyamaza, na mimi nilikuwa nikiusikiliza ukimya wake kama muziki.

Hata hivyo sote tulijua mtihani ni upi. Ndugu saba walikuwa na nusu yao ya pili, na mwezi ulikuwa unakwisha. Wakikataa wao, wenye sauti kama ile, mbele ya watu, nusu ya laini ingewafuata.

Walikuja siku ileile mkuu wa fedha aliposhuka kutazama kwa macho yake kabla ya kwenda kwenye kamati. Alisimama ukutani na kikombe chake cha chai chungu. Ukumbi ulijaa. Mzee wa Moi's Bridge naye alikuwapo, koti na kofia, safari hii bila gunia.

Madam aliwaeleza utaratibu. Alieleza polepole. Kadi saba zilizokuwa zimeshatoka mifukoni zilibaki hewani.

"Yaani risiti moja?" mwalimu wa Naitiri aliuliza. Uso wake ulikuwa umefungwa. "Ya jina la nani?"

"Majina yote. Na nakala kwa kila mmoja."

"Na lile langu?"

"La nyumbani. Nitalisoma mbele ya watu hawa wote."

Aliwaza. Kisha akafungua mkoba, akatoa noti zake zilizokunjwa, akazihesabia mkononi mwa kifungua mimba, mbele ya kaunta, polepole, kila mtu akiona. Ndugu wengine wakafanya hivyo, wasio na noti wakamtumia kwa simu. Kifungua mimba alizipokea akiwa na uso wa mtu aliyepewa mtoto wa mwenziwe ambebee, lakini nilimwona akizipigia hesabu; alikuwa na mbolea ya kununua mchana huo. Akaweka kadi yake juu ya kaunta.

Madam akaanza kuita. Wa kwanza, yuko? Yuko. Wa pili, yuko? Yuko. Sauti zilipanda, laini ikaanza kuitikia pamoja nao kwa mchezo, hata mkuu wa fedha niliona midomo yake ikicheza. Ndipo Madam akafika kwa kitinda mimba. Alilisoma jina lake la nyumbani lote, jina la baba yao likiwa mwishoni, akainua macho.

"Yuko?"

Hakuna aliyeitikia. Mwalimu mwenyewe alibana midomo. Sheria alikuwa ameelezwa. Ndugu wengine walimtazama kifungua mimba, naye alitazama viatu vyake vya mpira. Mkono wa Madam ulikuwa umeanza kwenda kwenye kiwiko.

"Jibu, bana," alisema mtu nyuma. "Tuko na laini."

"Kwani hujui kama ni dadako?" alidakia mzee wa Moi's Bridge. "Si pesa yake imekaa kwa mkono yako? Pesa unaijua, yeye humjui?"

Ukumbi ulilipuka. Kifungua mimba alizitazama zile noti mkononi kana kwamba zimemwita kwa jina. Hata shingo yake ilicheka kabla ya mdomo.

"Yuko," alisema.

"Sijasikia," alisema dada yake.

"Yuko! Sasa unataka niimbe?"

"Imba!" laini ilimwambia.

Hakuimba, lakini Madam tayari alikuwa ameipitisha kadi. Mashine ililia mara moja, kwa nguvu, na hakuna sauti niliyowahi kuipenda hivyo. Nakala zikaanza kutoka. Mwalimu alichukua yake, akaisoma hadi mstari wa jina lake, akaikunja ndani ya leso, akaiweka kifuani. Alipotoka, kaka yake mkubwa alimshikia mlango.

Mkuu wa fedha alifika dirishani. "Imepita mara ngapi?"

"Mara moja, bosi."

"Wote saba?"

"Wote saba, na marehemu baba yao."

Akamaliza chai yake kwa funda moja na kupanda ngazi mbilimbili, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Kamati ilikaa siku mbili baadaye. Alirudi na habari kwamba mashine inabaki, na kwamba yeye mwenyewe atakwenda benki kuomba bei ya gunia. Maneno hayo nilikuwa nimempa mimi, nami nilikuwa nimeyachukua Bungoma.

Mzee wa Moi's Bridge alikuja wiki hiyohiyo. Akaweka kadi juu ya kaunta, bila kuifunika.

"Haiongezi?"

"Haiongezi, mzee wangu."

"Basi piga. Na uniite pia, hata kama niko peke yangu."

Madam alimwita jina lake lote. Laini ikaitikia, "Yuko!" Mzee akavua kofia.

Alasiri ya siku hiyo mvua ilianza kunyesha juu ya mabati, kama kawaida ya Kitale. Madam alikuwa ameshika kikombe kwa mikono yote miwili akinisimulia ugomvi wa kwaya yao. Askari mwenye rungu alichungulia mlangoni, koti la mvua limeshavaliwa.

"Madam, si saa ya benki imepita? Leo hatuendi?"

Aliitazama saa ya ukutani, kisha akautazama mfuko wa kijani ukutani, tupu, umenyauka juu ya msumari wake. Nadhani hata yeye alishangaa.

"Leo hakuna cha kupeleka," alisema. "Vua hilo koti. Kuja unywe chai."